Mtoto, Mama na Bango la Soda

Asubuhi, katika mtaa wowote wa Dar es Salaam, mtoto wa miaka sita hutumwa kwa Mangi mwenye duka. “Kaniletee Bluebandi ya mia tano na Kolgeti ndogo.” Mangi hufungua kopo la majarini ya kampuni nyingine kabisa, huchota kwa kijiko na kuifunga kwenye kimfuko. Dawa ya meno anayoiteremsha kutoka rafuni nayo si Colgate. Mtoto akifika nyumbani, mama hupokea vyote viwili na kuanza kupaka mkate. Hakuna anayelalamika kwamba kilicholetwa sicho kilichoagizwa, kwa sababu majina hayo yaliacha zamani kuwa mali ya kampuni. Yamekuwa Kiswahili, kama vile Omo ilivyogeuka kuwa sabuni yoyote ya unga na Pampasi kuwa nepi yoyote ya kutupa.

Walioyaleta maneno hayo ni watangazaji wa biashara. Waliowafundisha watoto kuyatamka ni mama zao.

Tukio hilo dogo lafaa kukumbukwa kila unapozuka ubishi kuhusu watoto na ulaji mbaya. Upande mmoja husema mtoto wa miaka minne hana pochi: soda haiingii jikoni kwa miguu yake, mzazi ndiye aliyeinunua, basi mzazi ndiye aulizwe. Upande wa pili hujibu kwamba mzazi mmoja aliyetoka kazini amechoka hawezi kushindana na kampuni iliyoajiri wataalamu wa rangi, muziki na saikolojia ya watoto. Ubishi huu husikika kliniki, kwenye vikao vya wazazi na redioni, na mara nyingi huishia pale pale ulipoanzia, kwa kuwa kila upande humchukulia mwenzake kama kitu kilichosimama peke yake. Malezi huku, matangazo kule. Nyumbani kwa Bluebandi mambo hayakuachana hivyo.

Wapo wanaodhani huu ni mjadala wa nchi tajiri. Septemba 2025, UNICEF ilitangaza kwamba kwa mara ya kwanza duniani, watoto na vijana wa miaka 5 hadi 19 wenye unene uliopitiliza wamekuwa wengi kuliko wenye uzito pungufu: asilimia 9.4 dhidi ya 9.2. Maeneo mawili tu yalibaki nje ya mkumbo huo, Asia ya Kusini na Afrika kusini mwa Sahara. Hiyo si sababu ya kukaa raha mustarehe. Tafiti za afya ya jamii za mwaka 2022 zilionyesha kwamba Tanzania ilikuwa bado na asilimia 30 ya watoto wa chini ya miaka mitano waliodumaa, na Kenya asilimia 18. Mtoto aliyeshibishwa biskuti na juisi ya pakiti saa nne asubuhi huukataa ugali na mchicha mchana. Tumbo limejaa na mwili haujapata kitu. Unene na udumavu vinaweza kukaa mtaa mmoja, hata nyumba moja, na chanzo chao kikawa duka lile lile.

Hesabu ya sukari yenyewe ni fupi. Soda ya kola ya kawaida ina gramu kumi na kitu za sukari katika kila mililita 100. Chupa ya mililita 350 basi ina gramu 37 hivi, yaani vijiko tisa vya chai. Mwongozo wa afya wa Uingereza unamwekea mtoto wa miaka 4 hadi 6 kikomo cha gramu 19 za sukari ya kuongezwa kwa siku nzima. Chupa moja ya Jumapili, ile anayopewa ili atulie wakubwa wakizungumza, inakaribia kikomo cha siku mbili.

Nguvu ya tangazo kwa mtoto mdogo imepimwa. Mwaka 2001, watafiti wa Marekani Dina Borzekowski na Thomas Robinson waliwaonyesha watoto wa miaka 2 hadi 6 filamu ya katuni. Kundi moja liliona katuni tupu, jingine likaona katuni ile ile iliyochomekewa matangazo mafupi. Baadaye watoto waliulizwa wachague kati ya bidhaa mbili zinazofanana. Walioona matangazo walielekea zaidi kwenye bidhaa zilizotangazwa, ingawa kilichowafikia kilikuwa cha nusu dakika tu. Miaka sita baadaye Robinson na wenzake wakachukua watoto 63 wa miaka 3 hadi 5 kutoka familia za kipato cha chini huko California, wakawapa vyakula vya aina moja kwa jozi. Kimoja kilifungwa kwenye karatasi nyeupe, cha pili kwenye karatasi yenye nembo ya McDonald’s. Wengi walisema cha kwenye nembo ndicho kitamu. Hata karoti, ambazo mkahawa ule haukuwa umezipika, ziliongezeka utamu kwa kufungwa karatasi tu.

Kabla ya hapo kulikuwa na somo chungu la sigara. Mwaka 1991, jarida la chama cha madaktari wa Marekani lilichapisha utafiti kuhusu Joe Camel, ngamia wa katuni aliyetangaza sigara. Asilimia 91 ya watoto wa miaka sita waliweza kumwoanisha ngamia huyo na picha ya sigara, karibu sawa na walivyomjua Mickey Mouse. Hakuna mzazi aliyekuwa amewakalisha watoto wale kuwafundisha chapa za tumbaku.

Upande wa matangazo unaweza kudhani umeshinda. Lakini katika utafiti ule wa karoti kuna matokeo ambayo husimuliwa mara chache: mvuto wa nembo ulikuwa mkubwa zaidi kwa watoto waliotoka nyumba zenye televisheni nyingi na waliopelekwa McDonald’s mara kwa mara. Nani alinunua televisheni? Nani aliwapeleka? Tangazo lilipata nguvu kadiri nyumba ilivyolifungulia mlango.

Na kweli, malezi yana nguvu, tena huanza mapema kuliko wengi wanavyofikiri. Mwaka 2001 mtafiti Julie Mennella na wenzake waliwaomba akina mama wanywe juisi ya karoti wakati wa ujauzito au wa kunyonyesha. Watoto wao walipoanza kupewa uji wa kulikizia, waliupokea uliochanganywa na karoti vizuri kuliko watoto wa mama waliokunywa maji. Ladha ya chakula cha mama hupita katika maji ya uzazi na katika maziwa. Leann Birch, aliyetumia sehemu kubwa ya maisha yake kuchunguza ulaji wa watoto, alionyesha kwamba mtoto anayekitema chakula kipya anaweza kukikubali akiwekewa mara nyingi bila kulazimishwa, wakati mwingine mara kumi au zaidi. Mama wengi hukata tamaa mara ya tatu. “Huyu hapendi mboga,” wanasema mbele yake, na mtoto analisikia jina lake jipya.

Birch na mwenzake Jennifer Fisher walionyesha pia upande wa pili wa malezi. Waliweka biskuti kwenye chombo kinachoonyesha, juu ya meza ya watoto wa chekechea, wakawakataza kuzigusa hadi wakati maalumu. Watoto wakaanza kuzizungumzia, kuziomba, kuzitolea macho zaidi kuliko biskuti za aina nyingine zilizokuwa huru. Nyumba yenye soda iliyofungiwa kabatini kwa ajili ya wageni huwa inafanya jaribio lile lile kila siku. Ukali pekee, bila mfano wa wakubwa mezani, huipandisha cheo bidhaa inayokatazwa.

Basi je, ni mzazi? Hapo kuna swali ambalo mjadala huu huliruka: mzazi gani?

Katika nyumba nyingi za Dar es Salaam, Mombasa au Nairobi, anayemlisha mtoto mchana si mama wala baba. Mama ameondoka saa kumi na moja alfajiri kuwahi basi, atarudi giza limeingia. Mtoto yuko na dada wa kazi, msichana ambaye pengine mwenyewe alikuwa mtoto juzi tu, mwenye vyombo vya kuosha, nguo za kufua na agizo moja lisilo na mjadala: mtoto ale, ashibe. Mtoto hataki. Dada anachukua simu, anaiegemeza kwenye jagi, anafungua katuni. Macho ya mtoto yanaganda kwenye kioo, mdomo unafunguka, kijiko kinaingia. Baada ya vijiko vitano katuni inakatika na tangazo linaingia. Dada ana bakuli mkono huu na kijiko mkono huu, hana mkono wa tatu wa kuliruka. Bakuli likiisha kila mtu anafurahi, na mama akipiga simu anaambiwa kala chote. Mtoto huyo hajui alichokula. Anachokijua ni kilichokuwa kwenye kioo.

Shirika la Afya Duniani lilishauri mwaka 2019 kwamba mtoto wa chini ya miaka miwili asikalishwe mbele ya kioo kabisa. Ushauri ni mzuri. Ila uliandikwa kana kwamba kila nyumba ina mtu mzima asiye na kazi nyingine. Na upande wa pili wa kioo kile kuna biashara inayojua inachofanya: mwaka huo huo wa 2019, Google na YouTube zilikubali kulipa dola milioni 170 nchini Marekani kumaliza madai kwamba zilikusanya taarifa za watoto bila idhini ya wazazi wao na kuzitumia kuwalenga kwa matangazo. Si kwamba katuni yenyewe ni sumu. Ubongo, shirika la Dar es Salaam linalotengeneza Akili and Me, limetumia mvuto huo huo wa katuni na nyimbo kufundisha watoto herufi na hesabu kwa Kiswahili. Kinachotofautisha ni anayelipia dakika zile na anachotaka kupata.

Kisha kuna bibi. Bibi hampi mjukuu soda kwa sababu ya tangazo. Anampa kwa sababu katika ujana wake soda ilikuwa kitu cha Krismasi na cha Idi, kitu cha ubarikio na cha harusi, na mgeni aliyefunguliwa chupa ya baridi alijua ameheshimiwa. Lugha yenyewe imelihifadhi hilo. Anayetaka kumshukuru kijana aliyembebea mzigo humpa “hela ya soda”. Hata rushwa ndogo huombwa kwa jina hilo. Hakuna asemaye hela ya mtori au hela ya maembe, ingawa vyote ni vitamu. Heshima hiyo haikuota yenyewe: soda ya chupa ilifika kwetu ikiwa na mabango, kalenda, majokofu na mbao za maduka zilizopakwa rangi ya kampuni. Lakini ilipokwisha kuingia katika desturi, ilianza kujitangaza kwa mikono ya watu wanaompenda mtoto. Hapo ndipo mstari kati ya tangazo na malezi unapofutika. Bibi analea, na anachokifanya ni tangazo bora kuliko lolote la televisheni.

Methali inayotajwa sana katika vikao vya wazazi ni ile ya asiyefunzwa na mamaye kufunzwa na ulimwengu. Mpangilio wake ni wa zamani: mama kwanza, ulimwengu baadaye, tena ulimwengu ukija kama adhabu kwa aliyekosa mafunzo ya nyumbani. Leo ulimwengu hausubiri zamu yake. Uko sebuleni kabla mama hajavua viatu, na umekuwa ukimfunza mama mwenyewe tangu alipokuwa msichana.

Historia ya maziwa ya kopo inalionyesha hilo kwa uchungu. Katika miaka ya 1970, kampuni za maziwa ya watoto zilikuwa zikiwatuma Afrika wauzaji waliovaa sare kama za wauguzi. Waliingia wodi za wazazi na kuwafundisha akina mama kwamba mtoto wa kisasa hunywa maziwa ya kopo. Mama aliyeyachanganya kwa maji machafu, au aliyeyapunguza makali ili kopo lidumu, alidhani anafanya malezi bora. Mwaka 1974, shirika la War on Want la Uingereza lilichapisha kijitabu kilichoianika biashara hiyo, mwaka 1977 ukaanza mgomo dhidi ya bidhaa za Nestlé, na mwaka 1981 mkutano wa afya duniani ukapitisha kanuni za kimataifa za uuzaji wa vyakula mbadala wa maziwa ya mama. Kenya ilitunga sheria yake mwaka 2012. Mlengwa wa biashara ile hakuwa mtoto. Mtoto mchanga haoni tangazo. Mlengwa alikuwa upendo wa mama na hofu yake ya kukosea.

Hofu hiyo bado inauzwa. Aprili 2024, shirika la Uswisi la Public Eye lilieleza kwamba uji wa watoto wa Nestlé uitwao Cerelac katika nchi nyingi za kipato cha chini na cha kati ulikuwa umeongezwa sukari, wastani wa gramu 4 kwa mlo, wakati aina kuu ya uji wa kampuni hiyo hiyo nyumbani kwake Uswisi haikuongezwa. Nestlé ilijibu kwamba inafuata sheria za kila nchi. Mama anayenunua kopo hilo baada ya kulipa kodi ya nyumba anaamini amemnunulia mwanawe vitamini. Kumwambia kwamba tatizo ni malezi yake ni kumtwisha mzigo wa mtu mwingine.

Na mkubwa naye ni mtoto mbele ya bango. Februari 2019, jiji la London liliondoa matangazo ya vyakula vyenye mafuta, chumvi na sukari nyingi kwenye treni, mabasi na vituo vyake. Utafiti uliochapishwa mwaka 2022 ulikadiria kwamba kila familia ilinunua vyakula hivyo pungufu kwa takriban kalori 1,000 kwa wiki, ikilinganishwa na hali ambayo ingekuwapo bila marufuku. Hakuna semina ya malezi iliyofanyika kwenye treni zile. Bango liliondoka, na kikapu cha mama kikabadilika.

Quebec, jimbo la Kanada linalozungumza Kifaransa, lilikwenda mbali zaidi na mapema zaidi. Tangu mwaka 1980, sheria yake inakataza matangazo ya biashara yanayowalenga watoto wa chini ya miaka 13. Kampuni ya kuuza vidude vya kuchezea iliishtaki serikali, na mwaka 1989 Mahakama ya Juu ya Kanada ikaiunga mkono sheria. Wachumi Tirtha Dhar na Kathy Baylis walipochunguza matokeo yake mwaka 2011, walikuta uwezekano wa familia kununua vyakula vya migahawa ya haraka kwa wiki ulishuka kwa asilimia 13. Athari hiyo ilikuwa kwa familia zinazozungumza Kifaransa. Watoto wanaozungumza Kiingereza katika jimbo hilo hilo waliendelea kutazama vituo kutoka nje, ambavyo sheria haikuvigusa. Jimbo moja, bei zile zile, wazazi wenye mapenzi yale yale kwa watoto wao; tofauti ni kilichopita kwenye televisheni.

Chile ndiyo inayofundisha zaidi. Tangu Juni 2016, kila pakiti yenye sukari, chumvi, mafuta au kalori kupita kiwango hubandikwa alama nyeusi yenye pembe nane. Bidhaa yenye alama hairuhusiwi kuwa na katuni, wala kuuzwa shuleni, wala kutangazwa kwa watoto. Chui milia wa Kellogg’s akatoweka kwenye maboksi, na yai la Kinder lenye kidude ndani likaondoka madukani. Ununuzi wa vinywaji vyenye alama ulishuka kwa takriban asilimia 24 katika mwaka mmoja na nusu wa mwanzo. Lakini jambo kubwa zaidi lilionekana watafiti walipokaa na akina mama kuzungumza. Walisimulia kwamba watoto wao wadogo ndio waliokuwa wakiwaambia: usininunulie hiki cha kubeba shuleni, kina alama, mwalimu atakichukua. Sheria ilibadilisha malezi kutokea chini. Mama aliyekuwa akibishana na mtoto mbele ya rafu alipata msaidizi, na msaidizi huyo alikuwa mtoto mwenyewe.

Hapa Afrika Mashariki, duka la Mangi halina rafu ndefu, na sehemu kubwa ya wanachokula watoto haina pakiti wala tangazo. Saa nne asubuhi, kengele ya mapumziko inapolia, nje ya lango la shule ya msingi kuna ndoo za mihogo ya kukaanga na chachandu, bagia, ubuyu uliotiwa rangi, maembe mabichi yenye chumvi na pilipili, krispi za mifuko midogo na barafu za rangi zinazoacha ulimi mwekundu hadi jioni. Mtoto ana shilingi mia tatu, labda mia tano. Mama anayeuza mihogo pale naye ana mtoto darasani, na ada ya mitihani inatoka kwenye ndoo ile. Marufuku ya televisheni haimgusi yeye, wala haipaswi kumgusa. Mhogo wake, hata wa mafuta, ni chakula kuliko krispi na barafu za jirani zake. Kuiga sheria ya Chile bila kutazama lango hili ni kuacha nusu ya kazi.

Juu ya lango lenyewe kuna jambo lisilongoja Bunge. Katika barabara nyingi za Tanzania na Kenya, ubao wenye jina la shule umetolewa na kampuni ya soda. Nembo iko juu, jina la shule liko chini yake, na mtoto anayejifunza kusoma hukutana na maneno hayo mawili pamoja kila asubuhi kwa miaka yote ya shule ya msingi. Shule nyingi ziliupokea kwa sababu hazikuwa na fedha za ubao wa kwao, na wazazi hupita chini yake wakienda kwenye kikao cha kujadili nidhamu ya watoto. Kupaka ubao ule rangi upya ni gharama ya makopo machache, na kamati ya shule inaweza kuliamua katika kikao kimoja. Gumu zaidi ni maji ya kunywa. Mtoto aliyetoka kukimbia uwanjani saa nne ana kiu. Bomba likiwa kavu, na mfukoni akiwa na mia tatu aliyopewa na mama, atakunywa kilichopo langoni.